Chevrolet 210 ya 1955 iliyofufuliwa Nakuru: bodi safi, kabureta bado

Gari hili limejengwa kwa mbio za mita 402, ile robo maili ya Wamarekani, kwa mtindo wa gasa: pua juu, ekseli nzima mbele, tairi nyembamba mbele na pana nyuma. Pua huinuliwa ili uzito urudi nyuma gari linapochomoka.

Fundi wa bodi apewe heshima yake. Chini ya milango na sakafu ya buti, ambako kutu huanza, bati bovu limekatwa na jipya kuchomelewa. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: inanata kila mahali, hakuna filla (lipu ya kuziba mabonde ya bati) nene.

Injini ya kwanza, V8 ya lita 4.3, haikuwa na mahali pa filta ya oili kwenye bloku, kwa hiyo kuweka injini ya 327 (inchi za ujazo), yaani lita 5.4, ni uamuzi mzuri sana. Tatizo ni kabureta. Kabureta hiyo, Holley 650, imeachwa na jeti (vitundu vya kupimia petroli; namba kubwa hupitisha zaidi) 67 mbele na 73 nyuma, kama vile gari litakimbia Mombasa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20, petroli inazidi. Dalili zipo wazi: plagi zina masizi makavu na injini inasitasita ukikanyaga. Punguza namba moja ya jeti kwa kila mita 600 za mwinuko, yaani anza na 64 na 70. Hakikisha kwanza kimo cha petroli kwenye bakuli kiko sawa, kimbiza gari mafuta yote, kanyaga klachi, zima injini hapohapo, kisha soma plagi. Kauri ikiwa ya hudhurungi hafifu, umefika. Nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa hairudi kwa jeti, ila gari litavuta bila kukohoa.

Uwiano wa difu ni 4.56, yaani shafti huzunguka mara 4.56 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa tairi za inchi 28, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko ya injini kama 3,400 kwa dakika, ukiwa gia ya nne. Safari ndefu itachosha.

Breki ndizo zinazotia hofu: ngoma magurudumu yote. Zikipata moto hutanuka, leningi hupoteza mshiko na pedali huzama. Kwa mteremko wa Mau Summit hadi Salgaa, usilishushe kabla ya kufunga diski mbele. Dai kazi hiyo, pamoja na jeti, kabla ya kumaliza malipo.