Makaratasi yangu tisa yakaguliwa Arusha

Nina chapa tisa za sanaa ya mtaani, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi. Mke wangu huziita "makaratasi yako". Jumamosi nilizipeleka kwa kijana mmoja hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, anayeorodhesha na kutathmini picha. Elfu kumi na tano kwa kila moja.

Kazi yake naisifu. Kwanza alizitoa zote kwenye fremu, akapima karatasi yenyewe. Kisha akaniita dirishani. "Kaka, tazama hapa." Ile iliyoandikwa 12/50 aliiinamisha kwenye mwanga, na sahihi ya penseli ikang'aa, ikiwa imebonyea kidogo kwenye karatasi. Chini ya lenzi, wino wake ulikuwa tabaka zito lisilo na vitone. Nyingine, niliyoinunua kwa bei ya mbuzi wawili, ilijaa vitone vidogo vya printa, hadi kwenye sahihi! Yaani hata sahihi ilichapwa, haikuandikwa kwa mkono. Nilinyamaza. Alinieleza pia kwamba 12 haimaanishi ilichapwa ya kumi na mbili. Cha kuangalia zaidi ni ile 50, yaani idadi ya nakala za toleo hilo.

Ninayodhani ni ya Banksy, msanii wa mtaani wa Uingereza, alikataa kuipa bei. Alisema bila cheti cha Pest Control, ofisi inayothibitisha kazi za msanii huyo tangu 2008, yeye hakisii. Nilimheshimu kwa hilo.

Ila kwenye orodha, madoa ya unyevu aliyaandika "hali nzuri". Nimemrudishia arekebishe. Na risiti niliiomba mara tatu.