Monaco kwa siku moja inatosha kabisa

Jamani Monaco nchi nzima ni kama kilomita 2 za mraba tu, asubuhi unaingia jioni ushatoka. Tulipanda treni mji wa Nice, Ufaransa, haifiki nusu saa, kaeni upande wa kulia muione bahari, na stesheni ya kule imechimbwa ndani ya mwamba kabisa. Mji wote ni mlima ila kuna lifti za umma za bure, zitumieni msiumize magoti. Walinzi wa kasri wanabadilishana zamu saa sita kasoro dakika 5, wahini mapema maana watu wanajaa.

Kilichonikosha ni makumbusho ya bahari, yale yaliyofunguliwa 1910 na Prince Albert I, mtawala wa Monaco enzi hizo, jengo limesimama ukingoni mwa jabali na chini kuna samaki hai, papa alipita mbele ya kioo karibu hivi mpaka nikaona matamvua yanafunguka na kufunga, nikaganda pale muda mrefu sana. Kiingilio si kidogo ila kinalipa. Kahawa karibu na kasino ilinichoma mfuko, bora ubebe chakula chako ukakae ufukwe wa Larvotto, kuna sehemu ya bure na maji safi mno.