Tahadhari: Dalali wa injini za Peugeot 404 anaitaka ile yako kuukuu

Ndugu zangu mnaofufua magari ya wazee, someni hii kabla hamjatuma hata nauli. Kuna dalali anazunguka kati ya Kampala, Jinja na huku kwetu Mbale akitafuta familia zenye pikapu za Peugeot 404 zilizolala uani. Anasema ana injini iliyooveholiwa, ya kufunga na kuwasha, kwa bei ya kukutoa udenda. Sharti lake ni moja tu: umpe injini yako mbovu iwe sehemu ya malipo. Hapo ndipo alipotega. Pesa atakula, hilo halina ubishi, lakini kinachomleta hasa ni kile chuma chako chenye kutu.

Jina lake silitaji. Anayo mengi, na shauri liko polisi. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamtambua wenyewe.

Gari ni la babu. Alilinunua mwaka 1969 na likashusha kahawa kutoka Wanale hadi Mbale mjini miaka na miaka. 404 ilikuwa na heshima yake nchi hizi: ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na wazee wakaona gari ni hilo, mengine ni makopo. Wakati wa magendo, kahawa ilipopanda bei baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, babu hakupata kusema pikapu ilibeba nini usiku kuelekea mpakani, na sisi tulifundishwa adabu, hatukuuliza. Mwishowe gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, iliungua, gari likaegeshwa nyuma ya jikoni, kuku wakahamia ndani. Safari hii ukoo ukakubaliana kuchanga ili liwake tena mzee akiwa hai.

Kwanza alipita kijana wa vyuma chakavu. Alizunguka gari, akafungua boneti bila kuombwa, akapiga picha, akauliza kama tunauza. Tukamwambia hapana. Baada ya muda ikaja simu kutoka kwa mtu mwenye sauti ya upole, anajua gari letu ni 404, anajua hedi iko wazi, anajua mpaka rangi ya milango. Kwa hiyo ukiona mnunuzi wa chakavu anapiga picha za injini peke yake na bodi haitazami, ujue huyo ametumwa.

Dalali akatuma video ya injini inanguruma sakafuni, imewekwa juu ya matairi. Inasikika tamu, kweli. Bei yake ilikuwa milioni tatu, nusu itangulie kwa simu, nusu mzigo ukifika, pamoja na injini yetu. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kutuma lilikuwa la mwanamke. Akasema ni la shemeji yake, laini yake mwenyewe imefika kikomo cha siku. Kila mwenye kuibiwa siku hizi ana shemeji wa namna hiyo kwenye hadithi yake.

Mzigo ulifika usiku, mvua inanyesha, juu ya Fuso iliyokuwa na haraka ya kuendelea na safari. Injini imeviringishwa turubai na kufungwa kamba kama maiti. Vijana wanne wakaishusha, na kabla turubai halijafunguliwa walikwisha kuipakia yetu. Haraka ile haikuwa ya mvua.

Asubuhi fundi wetu, mzee aliyeanza kazi wakati Peugeot zinaingia zikiwa mpya, aliitazama bila kuigusa akasema, "Hii imepakwa poda." Rangi ya fedha ilikuwa nzito, imepita juu ya boliti, juu ya gasketi, mpaka juu ya uchafu wa oili. Injini iliyofunguliwa na kufungwa upya kwa haki, gasketi zake huonekana mpya pembeni. Hizi zilikuwa zimefunikwa ili zisionekane kabisa. Akachukua kitambaa na petroli akasugua pale penye namba. Chini ya rangi kulikuwa na mikwaruzo ya grainda, na juu yake namba zimegongwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, ile saba imelala upande. Namba ilikuwa inalingana na logibuku yetu, kadi ya usajili wa gari. Wamepata wapi? Kijana wa chakavu alikuwa ameipiga picha.

Akafungua hedi. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mtu anaweza kujiokoa kwa rula ya mtoto wa shule. Injini ya kawaida ya 404 ya petroli ni ya sisi (cc) 1618: kipenyo cha silinda milimita 84, na pistoni hupanda na kushuka milimita 73. Injini ya 504 ya 1.8 ni sisi 1796, nayo kipenyo chake ni 84 vilevile, lakini mwendo wa pistoni ni 81. Kwa nje zinafanana, zote zimelala upande nyuzi 45. Ukipima mdomo wa silinda huoni tofauti. Fundi akazungusha krenki, ule mhimili unaozisukuma pistoni, mpaka pistoni ikafika chini kabisa, akapima, akaizungusha mpaka juu, akapima tena. Tofauti ilikuwa 81, yaani tumeletewa ya 504.

Injini ya 504 si mbaya, watu wengi wameifunga kwenye 404 na inavuta vizuri zaidi. Tungeambiwa ukweli, na kwa bei yake, labda tungeichukua. Lakini hata 504 yenyewe haikuwa nzima. Dalali alitusifia kwamba silinda "zimechongwa upya kwa mashine Kampala". Maneno hayo peke yake yanatosha kumfunga. Peugeot hizi zina laina za maji: silinda ni bomba linalochomekwa ndani ya bloku, mwili wa injini, maji ya rejeta yanapita ubavuni mwake. Laina ikichakaa huichongi, unaitoa na kuweka nyingine pamoja na pistoni na ringi zake. Anayekuambia amechonga silinda za 404 ama hajawahi kuifungua, ama anajua kwamba wewe hujawahi.

Tukakuta laina mbili za aina moja na mbili za aina nyingine, zote na ukingo wa kuchakaa juu ambao kucha inaukwaa. Chini, mahali pa sili maalumu za laina, walipaka gundi ya silikoni. Fundi akatoa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaziba matundu, akajaza maji kwenye bloku na kuiacha. Haikupita saa moja, chini palianza kudondoka. Tungeiwasha hivyo, maji yangeingia kwenye oili na beringi zingekwisha kabla hatujafika Tororo.

Simu ya dalali, kama mnavyotegemea, haipatikani.

Nilianza kuulizia kwa mafundi wa huku na wa Kampala, picha ikajitokeza. Hedi ya alumini ya 404 isiyopasuka ina soko. Krenki isiyowahi kusagwa ina soko. Kabureta ya Solex iliyo kamili, hali kadhalika. Injini iliyokaa uani kwa sababu ya gasketi tu, kama yetu, ndani bado ina mali nyingi kuliko bei aliyokuwa akitutajia. Anaichukua, anaifungua, vitu vizuri vinauzwa kimoja kimoja, na mabaki yanaunganishwa na ya gari jingine, yanapakwa rangi, yanagongwa namba ya familia inayofuata. Nina sababu ya kuamini kwamba hiyo tuliyoletewa ilitoka kwenye uwanja wa babu wa mtu mwingine.

Basi kama una 404, kwanza usikubali kubadilishana. Muuzaji wa kweli atauza yake na kukuachia yako. Akishikilia lazima aipate, ongeza bei ya yako uone: mwizi atakubali haraka. Pili, kufufua injini yako mwenyewe ni rahisi kuliko wanavyokutisha, na ni kwa sababu ya laina hizohizo. Unanunua seti ya laina, pistoni, ringi na gasketi, hedi inasawazishwa kwa mashine, krenki inapimwa na kusagwa ikibidi. Kenya waliendelea kuunganisha 404 hadi 1991, kwa hiyo spea zinatafutika Nairobi, na Kisekka, soko la spea la Kampala, wapo wauza spea waungwana wengi tu. Nenda na fundi wako, usimtume peke yake wala usiende peke yako.

Ukilazimika kununua injini nzima, mwambie muuzaji aweke gazeti la leo la Bukedde juu ya bloku, arekodi video moja bila kukata, kuanzia gazeti mpaka namba mpaka injini ikiwaka. Wa kwetu angeshindwa hapo hapo. Nenda na sumaku: kwenye bloku inanasa, kwenye hedi hainasi, ikinasa kwenye hedi hiyo si 404. Mzigo upokelewe mchana. Makubaliano yaandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, namba ya injini inayoingia na ya inayotoka zote ziandikwe, maana risiti tuliyopewa sisi ilisema "injini moja" basi, na polisi waliisoma mara mbili wakitafuta la ziada. Namba iliyogongwa upya itakuletea balaa siku ya kuuza gari au kubadilisha jina kwenye logibuku, na wakati huo wa kuulizwa ni wewe.

Kuhusu injini yetu. Ubavuni mwa bloku, chini ya kabureta, kuna ufa uliozibwa kwa shaba, umbo la herufi L, urefu kama kidole cha shahada. Hedi ina vidoti vitatu vya panchi pembeni mwa plagi ya kwanza, alama ya babu. Na boliti moja ya sampu, ya nyuma kabisa, ni ya kipimo cha inchi, ilitolewa kwenye Land Rover, spana ya milimita haiikamati. Rangi wanaweza kuipaka upya na namba wakaisaga, ila ule ufa hauondoki. Ukikutana na hedi hiyo au bloku hiyo popote, usinunue na usimshtue muuzaji. Piga picha, ulizia bei kama mteja, kisha niandikie nikuunganishe na afisa anayeshika faili.