Huduma ya kukodi IT: mafundi wazuri, mkataba umeganda

Mimi ndo nasimamia idara ya mifumo hapa kazini, na hii kampuni ya nje inayotuendeshea IT tumekaa nayo miaka miwili na zaidi, kwa hiyo naandika nilichokiona.

Mafundi wao wanajua kazi, hilo nawapa kwa moyo mmoja. Seva ikizima usiku wa manane simu inapokelewa, bakapu (nakala za akiba za data) wanazirudisha kabisa kuhakikisha zinafunguka, na Microsoft walivyoacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025 sisi mashine zote zilishahamishwa zamani.

Shida imeanza kampuni yetu ilipounganishwa na nyingine. Idara mbili zikavunjwa, watu wengi wakaanza kufanyia kazi nyumbani, lakini mkataba wa hawa jamaa umeandikwa kama vile ofisi itabaki ilivyokuwa siku ya kusaini. Kwenye mfumo wao wa tiketi, yaani pale unapoandikisha ombi la msaada, maombi ya ruhusa yakawa yanaenda kwa meneja wa idara ambayo haipo tena, yaani dada wa uhasibu kaomba kufunguliwa ripoti za mwisho wa mwezi, tiketi imekaa siku tisa inasubiri idhini ya mtu aliyeshaondoka na kwenye skrini imeandikwa tu "inashughulikiwa". Nikapiga simu. Naambiwa kubadilisha jina la anayeidhinisha kuko nje ya mkataba, kunalipiwa pembeni!

Kilichonitisha zaidi ni akaunti za walioondoka, wiki tatu baadae bado ziko wazi na pasiwedi zilezile, kisa hakuna aliyewatumia fomu, na watu wetu wa utumishi hata hawakujua kuna fomu. Hapo na sisi tuna kosa letu.

Kukodi IT sio jambo geni, Kodak, wale wa kamera na filamu, waliwakabidhi IBM, kampuni ya kompyuta, data senta yao tangu 1989. Mashine mpe wa nje akutunzie, sawa, ila kujua leo nani yuko idara gani na anaruhusiwa kuona nini, hiyo kazi ishikwe na mtu wa ndani anayekaa kwenye vikao vya mabadiliko, sio anayesikia habari baada ya watu kuhamishwa.

Ufundi nawapa 5 kwa 5, kwenda na mabadiliko 2. Mkataba mpya tunaujadili sasa hivi, nimeomba orodha ya wanaoidhinisha tuishike wenyewe na mabadiliko ya idara yaingie kwenye ada ya mwezi. Wakikubali tunaendelea nao.