App ya kuangalia ndege: inasaidia ila msiiite rada (nyota 3 kati ya 5)

Mi kazi yangu bajaji hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni wageni wanaoshuka na vindege vidogo vya Pemba, Unguja na Dar, sasa kijana mmoja wa hotelini akaniwekea hii app ya kuonyesha ndege zilizo angani ili nisiwe nawahi eapoti kuchomwa jua bure. Nimeitumia vya kutosha, ngoja niseme.

Kwa midege mikubwa iko vizuri sana. Unafungua ramani, unaona ile inayopita juu kwenda Dar, ukiigusa inakuletea aina yake, iko futi ngapi, spidi, imetokea wapi. Bando haili kivile. Chaji ndo inakula balaa, na ile ya bure matangazo yake yanakera mno.

Shida iko kwenye Karavani zetu, hivyo vindege vidogo. Kuna siku ndege imetoka Pemba, kialama chake kikaganda katikati ya bahari, kikakaa palepale weee, mwisho kikafutika kabisa. Pembeni yangu kulikuwa na mama anamsubiri bintiye, macho yote kwenye simu yangu, akashika kichwa: "Mwanangu, rada imezimika hiyo, mtoto wangu yuko wapi?" Namwambia mama tulia hii ni simu tu, wapi. Watu wa uwanja wenyewe wanapiga stori zao hawana habari. Mara tukasikia injini, Karavani hiyo inatokea upande wa baharini, binti kashuka na boksi la halua.

Sasa wengi hawajui hili. App haina rada. Ndege yenyewe inachukua GPS yake na kutangaza kwa redio ilipo, halafu watu wa kawaida tu wenye vipokeo juu ya mapaa yao wananasa na kurusha intaneti. Mawimbi yale yanakwenda mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege ikiwa chini na kipokeo kiko mbali dunia inaikinga, na mwenye antena umeme ukikatika ndo basi tena. Rada yenyewe ni mtambo unaorusha mawimbi ukasubiri yagonge ndege yarudi, na ule wa aina ya pili unaiuliza ndege inajibu namba yake na kimo. Hapa nchini mkataba wa rada 4 mpya ulisainiwa 2017, za Dar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Mwanza na Songwe. Ingawa sisi Wabongo rada tunaijua zaidi kwa chenji, zile hela BAE, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia rada ya zamani, walizorudisha zikanunua vitabu na madawati, hehe.

Na rada ya kweli nayo inazima, tena kwa wakubwa huko. Aprili 28, 2025 waongozaji ndege walioko Philadelphia wanaohudumia uwanja wa Newark, Marekani, skrini na redio vyote vilikata kama sekunde 90, baadhi yao wakachukua likizo kwa mshtuko, na Mei 9 skrini zikakata tena. Julai 30 mwaka huohuo Uingereza nao, hitilafu ya rada ya dakika 20 tu, safari zaidi ya 150 zikafutwa. Dakika 20!

Sababu ni kwamba rada ikizima ndege hazianguki, wanarudi kwenye mtindo wa zamani: rubani anataja kwa redio yuko wapi na saa ngapi atafika pointi inayofuata, mwongozaji anaandika. Ila ndege mbili za kimo kimoja zilizokuwa zinaachana maili 5 za baharini sasa unaziachanisha hata dakika 10, kwa hiyo zilizo bado ardhini zinazuiwa kwanza zisiruke, foleni inaanza. Cha Newark kilichotisha ni redio kukata pamoja na rada, hapo unaongea na nani?

Kwa hiyo kama mgeni wako anaunganisha Dar kutoka nje, weka hii app, ya bure inatosha, usilipie. Kama anakuja na Karavani piga simu walikotokea uulize wameruka saa ngapi. Na zima ile alamu ya ndege zenye dharura, namba 7700, inalia saa nane usiku kwa ndege iliyoko Ulaya huko, wife akanuna wiki nzima.