Tahadhari: "Kozi ya Kifaransa Lyon, wiki 12, viza uhakika." Mimi nimeliwa milioni 4.2

Jamani, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Mtu akikuletea tangazo la kwenda Ufaransa kujifunza Kifaransa wiki 12, kulala kwa familia ya Wafaransa, na viza "asilimia mia", usitume hata shilingi kabla hujanisoma. Mimi nilituma 4,200,000 kwa awamu 3, na kila awamu nilikuwa na sababu nzuri ya kujidanganya.

Kazi yangu ni kuongoza watalii huku Kisoro, Uganda. Kiingereza ninacho, Kiswahili ninacho, Rufumbira ni ya nyumbani. Lakini wakija wageni wa Ufaransa au Ubelgiji kuwaona gorila wa Mgahinga, anaitwa mwenzangu aliyesomea Congo, na mimi nabaki kuwatafutia wapagazi. Kwa hiyo tangazo lile lilinikuta pabaya. Nilikuwa tayari nimeshaamua, nilikuwa namsubiri tu wa kunichukulia hela.

Ofisi yao ilikuwa Kampala, ghorofa ya tatu, ina bendera ndogo ya Ufaransa mezani na mama mmoja mpole anayekuita "mwanangu". Jina la ofisi silitaji hapa kwa kuwa jalada liko polisi, lakini mchezo wao nitauanika wote.

Awamu ya kwanza 800,000, "usajili". Ya pili 1,900,000, "ada ya mwezi wa kwanza". Zote kwa mobile money. Nilipokuwa natuma, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamume, si la kampuni. Nikapiga kuuliza. "Huyo ndiye mhasibu wetu, mwanangu." Nikaweka namba ya siri. Mnaona?

Awamu ya tatu 1,500,000, "viza ya haraka na bima". Hapa ndipo ningeshtuka kama ningekuwa nimesoma kidogo. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo) kwa mtu mzima ni euro 90, ambazo hazifiki hata laki 4 na nusu za kwetu. Viza hiyo hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Maombi huanzia kwenye tovuti ya serikali ya Ufaransa iitwayo France-Visas, unajaza mwenyewe. Na hakuna wakala wa kukuhakikishia viza, maana mwamuzi ni ubalozi, na ukinyimwa ada hiyo hairudi.

Sasa barua. Walinipa "barua ya kukubaliwa" yenye nembo ya rangi, mihuri 2 na sahihi ya wino wa buluu. Nikaitembeza Kisoro nzima kama cheti cha ndoa. Aliyenizindua ni mama mmoja wa Bukavu, Congo, anayeuza vitenge sokoni, alisoma kwa Kifaransa hadi sekondari. Aliishika barua, akasoma mstari wa juu, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hawa wameandika *Lettre de Admission*. Mtoto wa darasa la nne kwetu angechapwa. Ni *d'admission*!" Shule ya Kifaransa isiyojua Kifaransa.

Usiku ule mimi na mdogo wangu tukaikalia barua na simu. Anwani ilisema Lyon, lakini msimbo wa posta unaanza na 75. Huo ni wa Paris, wa Lyon huanza na 69. Chini kuna akaunti ya benki ya shule, "kwa wanaotaka kulipa moja kwa moja". Akaunti ya Ufaransa katika mtindo wa IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) huanza na FR na ina herufi na tarakimu 27. Yao tulihesabu mara 3, ni 22. Halafu ile picha ya "familia yako ya Lyon", baba, mama, watoto 2 na mbwa mweupe, mdogo wangu akaitafuta mtandaoni akaikuta kwenye tangazo la mazulia. Na ile mihuri, wenyeji wa Kampala watanielewa nikisema ilinukia Nasser Road, mtaa wa wachapishaji unaosifika kwa nyaraka za kughushi.

Shule yenyewe ipo kweli. Tuliiandikia kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, si ile ya kwenye barua, wakajibu baada ya siku 2 kwamba jina langu hawalijui.

Hata ahadi ya masomo ilikuwa uongo ukipiga hesabu. Waliniambia nitatoka na kiwango cha B2 (cha nne kati ya 6 vya kupimia lugha Ulaya) kutoka sifuri. Kozi za namna hii kwa kawaida ni kama saa 20 kwa wiki, kwa wiki 12 unapata saa 240. Kufika B2 watu huhitaji saa 500 hadi 600. Anayetaka kwenda kweli atafute kwanza kama shule ina "Label Qualité FLE", alama inayotolewa kwa idhini ya serikali ya Ufaransa kwa vituo vya kufundisha Kifaransa, na orodha yake iko wazi mtandaoni. Na kabla ya kuvuka bahari, Alliance Française iko hapo hapo Kampala. Ningeanzia pale, sasa hivi ningekuwa nasalimiana na wageni bila mkalimani.

Polisi wamenipa namba ya SD, yaani namba ya malalamiko yangu kwenye kitabu cha kituo. Kampuni ya simu imeniambia pesa zilitolewa zote siku ile ile. Kama nawe umelipa, usifute ujumbe wa muamala wala sauti za WhatsApp hata zikikukera, peleka zote kituoni.

Kundi lao la WhatsApp lilifungwa wiki jana. Juzi binti wa jirani yangu kaingizwa kwenye kundi jipya, jina tofauti, safari hii ni Bordeaux. Mbwa ni yule yule.