Tathmini ya matembezi ya Melaka: alama za Wareno, Waholanzi na Waingereza katika mji mmoja

Wasafiri wengi wanaofika Malaysia huipa Melaka saa chache tu: huteremka kwenye basi lililotoka Kuala Lumpur, umbali wa takribani kilomita 150, hupiga picha mbele ya kanisa jekundu, hula chakula cha mchana, kisha hurudi kabla ya jua kuzama. Kwa maoni yangu huko ni kuupunja mji huu na kujipunja mwenyewe. Kuanzia mwaka 1511 hadi uhuru wa mwaka 1957, dola za Ulaya zilipokezana Melaka kwa muda unaozidi miaka 400, na mara nyingi dola iliyoingia ilichukua majengo ya iliyotangulia na kuyageuza yaifae. Tathmini hii inahusu matembezi ya miguu katikati ya mji pamoja na mlo katika Kampung Portugis, na kila mahali nimepapima kwa swali moja: je, panamwonyesha mgeni jinsi Wazungu walivyoingia, walivyokaa na walivyobadilishwa na wenyeji, au panampa mandhari ya picha peke yake?

Ushauri wangu ni kuanza asubuhi mapema kwenye lango la Porta de Santiago, kabla joto halijakaza na kabla mabasi ya watalii hayajafika. Lango hili ndilo lililosalimika katika ngome ambayo Afonso de Albuquerque, kamanda wa Kireno, aliianzisha mara tu baada ya kuuteka mji mwaka 1511, na inaelezwa kuwa sehemu ya mawe yake ilitokana na msikiti na makaburi ya masultani yaliyobomolewa. Juu ya upinde wake, hata hivyo, mtu haoni nembo ya Ureno. Anaona nembo ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki na mwaka 1670, kwa sababu Waholanzi, walioitwaa Melaka mwaka 1641 wakisaidiwa na Sultani wa Johor, walilikarabati lango na kulitia alama yao. Waingereza nao, wakihofia kwamba ngome ingerudi mikononi mwa maadui zao, waliilipua kwa baruti mwaka 1807, na Stamford Raffles, afisa wa Kiingereza, huhesabiwa miongoni mwa waliosababisha lango hili lisibomolewe. Hapo, chini ya tao moja, mgeni anaviona vizazi vitatu vya ukoloni bila kulipa kiingilio. Mawe yenyewe ni mekundu-kahawia, yenye vitundu vitundu, na ukiyagusa asubuhi bado yana ubaridi wa usiku.

Msomaji aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki anafika hapo akiwa na faida ambayo watalii wengine hawana. Wareno walioingia Melaka walikuwa wamekwisha kuingia Kilwa miaka sita nyuma yake, mwaka 1505, wakajenga ngome waliyoipa jina hilo hilo la Santiago. Giovanni Battista Cairati, msanifu aliyechora Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, alifanya kazi pia katika ngome za Melaka. Tena uhusiano huo haukuanzishwa na Wareno: Tomé Pires, Mreno aliyekaa Melaka kuanzia mwaka 1512, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara waliokuwa wakifika katika bandari hiyo. Babu zetu walikuwa sehemu ya soko hilo. Ni jambo ninalotamani lingeandikwa kwa herufi kubwa mahali fulani pale mjini, maana sikuliona limeandikwa popote nilipopita.

Kutoka langoni, ngazi zinapanda hadi magofu ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo chanzo chake ni kikanisa cha Kireno cha mwaka 1521. Paa halipo tena, na upepo wa baharini hupita ndani bila kizuizi. Mwili wa Fransisko Ksaveri, yule mmisionari aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, ulizikwa hapa kwa miezi kadhaa mwaka 1553 kabla ya kuhamishiwa Goa, na shimo la kaburi hilo tupu limefunikwa kwa wavu wa chuma. Kinachopendeza zaidi, kwangu mimi, ni mabamba makubwa ya mawe ya makaburi yaliyoegemezwa kutani. Yamechongwa nembo za koo na maandishi marefu, mengine kwa Kilatini, mengine kwa Kireno au Kiholanzi, kwani Waholanzi walipokwisha kujenga kanisa lao kule chini waliligeuza hili kuwa makaburi yao. Waingereza wakaongeza mnara wa taa mbele ya mlango wake. Ningempa kila mgeni saa nzima mahali hapa, naye apitishe macho polepole katika bamba moja moja, kwa kuwa ndipo atakapokutana na watu badala ya tarehe: wake, watoto wachanga, mabaharia waliofia mbali na kwao.

Uwanja mwekundu ulio chini ya kilima ndio unaojaa watu kuliko sehemu zote, na sitauzungumzia kwa urefu. Jengo la Stadthuys, lililokuwa makao ya magavana wa Kiholanzi tangu katikati ya karne ya 17, na Kanisa la Kristo, lililojengwa kati ya mwaka 1741 na 1753, ni majengo mazuri. Ndani ya kanisa inafaa kuinua macho na kutazama boriti ndefu za dari, ambazo kila moja ilichongwa kutoka katika mti mmoja. Lakini mgeni ajue kwamba rangi nyekundu ambayo wengi huichukulia kuwa ya Kiholanzi ni ya nyakati za Waingereza, na kanisa lenyewe lilikuwa jeupe hadi mwaka 1911. Mnara wa saa ulio kando yake, ambao nao watalii huupiga picha kama kitu cha Kiholanzi, ulitolewa na familia ya Wachina matajiri wa Melaka mwaka 1886. Muongozaji niliyemsikiliza hapo hakulisema lolote kati ya hayo, na kundi lake liliondoka likiamini limeona Uholanzi. Ukitaka muongozaji, muulize kwanza maswali mawili matatu kabla ya kukubaliana bei.

Vuka daraja la mto uingie mitaa ya zamani ya wafanyabiashara, kisha utafute Msikiti wa Kampung Kling. Huu ndio mahali ninapopapa alama ya juu kabisa katika matembezi yote. Ulianzishwa mwaka 1748 na Waislamu wenye asili ya India, wakati Waholanzi wangali wakitawala, na hauna kuba. Paa lake ni la ngazi tatu zinazopungua kuelekea juu, kama misikiti ya kale ya Java na Sumatra. Mnara umesimama peke yake kwa umbo la pagoda ya Kichina. Ndani kuna nguzo za mtindo wa Kikorintho, vigae vya kung'aa vilivyotoka Ulaya, taa kubwa ya kuning'inia ya enzi ya Malkia Victoria, na mimbari ya mbao iliyojaa nakshi. Waumini waliokuwa chini ya utawala wa kigeni walichagua walichokipenda katika bidhaa za watawala na majirani, wakakitia katika nyumba ya ibada yao bila kupoteza kibla chao. Aliyewahi kuona sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye misikiti na makaburi ya pwani yetu ataielewa mara moja tabia hiyo. Vaa mavazi ya heshima, epuka nyakati za swala kama hukuja kuswali, na utapokewa vizuri.

Hatua chache kutoka msikitini, katika mtaa huo huo, lipo hekalu la Wahindu, na mbele yake hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng, lenye asili katika karne ya 17. Nyumba za Barabara ya Tun Tan Cheng Lock, iliyoitwa Heeren wakati wa Waholanzi, ni nyembamba kwa mbele na ndefu mno kwenda nyuma, zikiwa na uwazi katikati wa kuingiza mwanga na mvua. Nyumba namba 8 imekarabatiwa kwa uangalifu na kuachwa bila mapambo, na hapo utaona lipu, matofali na mbao jinsi zilivyokuwa.

Kwa chakula, acha mikahawa ya katikati ya mji na uchukue teksi hadi Kampung Portugis, kitongoji cha ufukweni kilichoanzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya jamii ya Kristang, wazawa wa ndoa za Wareno na watu wa Asia. Wazee wao bado wanazungumza lugha yenye msingi wa Kireno, karibu miaka 400 baada ya Ureno kuondoka. Niliagiza kari debal ya kuku na samaki wa kuchoma. Kari ile huanza na ukali wa siki na haradali, kisha pilipili hufuata polepole hadi jasho likutoke kipajini. Mchuzi wake ni mzito, mwekundu, wenye tangawizi na mafuta yaliyojitenga juu. Samaki aliletwa akiwa amepakwa sambal, yaani rojo la pilipili, na kufungwa katika jani la mgomba. Vyote viwili vilinipendeza, ingawa huduma ilikuwa ya kusubiri sana na bei ya samaki, anayeuzwa kwa uzito, sikuambiwa hadi nilipouliza. Msomaji Mwislamu aulize mapema na atazame cheti cha halali ukutani, kwa maana jamii hii ni ya Kikatoliki na vibanda vingine hupika nguruwe.

Viingilio vya makumbusho mengi ni nafuu, lakini sikuona haja ya kuingia yote. Katika mojawapo, maelezo yalikuwa yamefifia kiasi cha kutosomeka. Baiskeli za matairi matatu zenye muziki na taa zinawafaa wenye watoto au wenye maumivu ya miguu, ila haziruhusu kusimama ukatazama jambo kwa utulivu. Epuka jioni za Ijumaa hadi Jumapili, wakati soko la usiku la mtaa wa Jonker linapoziba njia. Anayeweza kuchagua mwezi wa safari aende mwishoni mwa Juni, wakati Wakristang wanapoadhimisha sikukuu ya San Pedro (Mtakatifu Petro) tarehe 29 na wavuvi wao kupamba mashua, na aweke nafasi ya malazi mapema, kwa kuwa nyumba za wageni zilizo karibu na mto hujaa.